Hitilafu Isiyotaka Kujirudia

Kazi yangu ni kuharibu kompyuta kabla mteja hajaiharibu. Kampuni yetu inatengeneza mfumo endeshi, ile programu kubwa inayoiamsha kompyuta na kuiambia kuwa yenyewe ni kompyuta, nasi wapimaji tunapewa toleo la majaribio tulitumie mpaka lituudhi. Likituudhi tunaandika ripoti. Ripoti inakwenda kwa fundi wa programu, na fundi anaifunga.

Fundi wetu tunamwita Kwangu Sawa. Ana jina lake zuri tu alilopewa na wazazi, lakini kila ripoti anaijibu kwa sentensi moja: "Kwangu iko sawa." Unamwandikia kwamba ukifungua kikokotoo, saa ya kompyuta inarudi jana. Kwangu iko sawa. Mshale wa kipanya unapotea, na mtu mzima unakaa unautafuta kwenye kioo huku umekodoa macho. Kwangu iko sawa. Kila asubuhi mfumo unanipokea kwa maneno "Karibu, mgeni," wakati mwaka huu nimekaa na mfumo huo kuliko nilivyokaa na ndugu yangu yeyote. Kwa hiyo ya mwisho alijitoa kimasomaso. Aliacha chai yake, akaja mezani kwangu, akaiwasha kompyuta, na kompyuta ikaniita kwa jina langu na la babu yangu. Akarudi kwenye chai.

Ndivyo zilivyo hitilafu. Ukiwa peke yako zinakucheza shere. Ukimwita shahidi, zinakaa na adabu kama watoto mbele ya wageni. Sijawahi hata siku moja kuona hitilafu ikijirudia mbele ya mtu aliyeitwa kuja kuiangalia. Na sheria ya ofisi inasema ripoti iliyofungwa haifunguliwi tena mpaka hitilafu ijirudie kwa hatua zilezile, mahali palepale, na kama palikuwa na watu, kwa watu walewale.

Sheria nyingine ni kwamba toleo la majaribio tulitumie na nyumbani, kwenye mambo yetu ya kweli. Mkuu wa kitengo anasema ofisini tunaidekeza kompyuta. Mimi nina kompyuta moja, kwa hiyo hata mambo ya familia yetu yanapita humo humo.

Na familia yetu ina jambo moja.

Baba alikuwa mwalimu wa udereva mpaka alipostaafu. Katika mji huu, ukiona mtu anarudi nyuma kuingia uwanjani bila kugusa ukuta, jua alipitia mikononi mwa Baba. Alifundisha kwa neno moja: "Rudia." Hakufoka wala hakusifu. Umezima gari kwenye mteremko, rudia. Umesahau kutazama kioo, rudia. Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Ukibamiza mlango ulirudi nje ukauingia upya, na mimi nimewahi kumsalimia shangazi mara mbili kwa kikao kimoja kwa sababu ya kwanza nilimsalimia nikiwa natafuna.

Kaka yangu alikuwa msaidizi wake pale shule ya udereva. Siku moja gari la kufundishia liliteremka lenyewe, bila dereva, likaenda kukumbatia nguzo ya lango. Baba alimnyang'anya kaka funguo mbele ya wanafunzi wote, akamwambia kwamba mtu asiyejua kuvuta breki ya mkono hana la kumfundisha mwenzake. Kaka akasema gari lile hakuligusa asubuhi hiyo. Baba akasema, "Toka." Kaka akatoka, na alipotoka hakuishia langoni, akaenda zake mpaka nchi nyingine.

Gari lilikuwa limeegeshwa na Baba mwenyewe. Mama alijua, mimi nilijua, na nadhani hata nguzo ilijua. Baba alijua kuliko sote. Lakini Baba ni mtu wa kufa na tai shingoni, na neno moja likamkaa kooni miaka na miaka, halimezwi wala halitemwi.

Mwaka huu kaka kapata mtoto wa kike. Akanipigia simu kazini.

"Mdogo wangu, Jumamosi nitapiga ya video. Mara moja tu. Baba awepo. Akisema alilotakiwa kusema, mjukuu wake atamwona kila wiki. Asiposema, basi, msinitajie tena habari zake."

"Bado una hasira, kaka?"

"Hasira iliisha zamani. Nimechoka tu."

Hapo ndipo nilipoogopa. Mtu mwenye hasira unaweza kumbembeleza, lakini aliyechoka utamwambia nini?

Mama alijifungia na Baba chumbani Ijumaa nzima baada ya chakula. Sijui walizungumza nini, maana nilisikia sauti moja tu na haikuwa ya Baba. Jumamosi Baba alitoka amevaa shati la mikono mirefu, limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe.

Nilitaka tutumie simu yangu. Mama akakataa katakata: simu ni ya kuulizana umefika wapi, mjukuu huonwa kwenye kioo kikubwa. Nikaiweka kompyuta juu ya meza ya sebuleni, nikaiinua kwa kopo la biskuti ili isitupige picha za videvu. Ikaandika, "Karibu, mgeni."

Kulikuwa na hitilafu moja iliyokuwa ikininyima raha. Ukiburuta dirisha la mazungumzo wakati mtu anaongea, sauti yake inakatika, haifiki upande wa pili, na ile alama ya kipaza sauti inabaki ya kijani vile vile, haina habari. Niliiripoti. Ilifungwa, mnajua kwa maneno gani. Kwa hiyo nikamwambia Mama, "Tafadhali, usiguse kitu."

"Niguse nini mimi? Kwani nina mkono mrefu?"

Kaka akatokea kiooni, amenenepa kidogo, mtoto kamlaza begani. Mama akapiga kigelegele, mtoto akashtuka, kaka akacheka, nami nikadhani mambo yatakwenda vizuri.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Kaka alingoja. Baba akakohoa, akaikunjua kola ya shati ambayo haikuwa imekunjamana, akaweka mikono yote miwili mezani kama ameshika usukani. Akaanza.

Wakati huohuo kompyuta ikatoa tangazo. "Kuna jambo limetokea." Halisemi jambo gani, wala limetokea wapi. Tangazo lenyewe lilikwenda kutua juu ya uso wa mtoto, likamfunika pua na macho. Mama, ambaye hana mkono mrefu, akashika kipanya na kuliburuta dirisha pembeni ili amwokoe mjukuu wake.

"Lile gari nililiacha mimi bila breki," Baba alisema. "Si wewe. Naomba unisamehe, mwanangu."

Machozi yalinitoka papo hapo. Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo tangu nikiwa msichana wa shule. Nikamtazama kaka. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa, anagonga sikio.

"Haloo? Mbona siwasikii? Baba anasema nini?"

Alama ilikuwa ya kijani.

Baba alimtazama kaka, akanitazama mimi. "Hakusikia?"

"Sauti imekatika, Baba. Kompyuta hii. Hebu—"

"Mimi nimesema." Akainuka. "Nimesema, na Mama yenu shahidi." Akatoka nje, na mlango aliubamiza.

Sauti ilirudi mara tu aliposhika njia. Ndiyo tabia yake.

"Kasema, kaka," nikamwambia. "Nakuapia. Kasema kila kitu, gari, breki, na msamaha kaomba."

"Mimi sikusikia."

"Lakini mimi nimesikia! Mama kasikia!"

"Si nyie mliofukuzwa." Hakuinua sauti. "Kama ni msamaha wa kuletewa na watu, Mama angeniletea siku nyingi. Mdogo wangu, ngoja nimbadilishe mtoto nguo, kajilowesha. Nikimaliza nakata."

Akaondoka mbele ya kamera, akatuachia kiti kitupu. Mama alikuwa bado kakishika kipanya. Nikamtoa vidole kwenye kipanya kimoja kimoja.

Nilimkuta Baba uani, anafuta kioo cha pembeni cha gari lake bovu ambalo haliendi popote. Nilikuwa na hasira na kompyuta, na Kwangu Sawa, na yeye pia, na ilibidi nijikaze ndipo niseme.

"Baba, naomba urudie."

"Jambo kama lile mtu hasemi mara mbili."

"Sikuombi kama mwanao. Ni kazi. Hii hitilafu nimeiripoti, fundi kaifunga, na siwezi kuifungua mpaka ijirudie. Hatua zilezile, mahali palepale, watu walewale."

Akaacha kufuta. Kazi Baba anaiheshimu. Asingenifungulia mlango usiku wa manane kwa ajili ya harusi, lakini kwa kazi angenisindikiza.

"Hatua zilezile," akasema.

"Zilezile. Wewe unakaa, unasema uliyoyasema, Mama anaburuta dirisha."

"Na sauti inakatika."

"Ikifanya kama ilivyofanya mwanzo, inakatika."

"Na isipokatika?"

Hapo ningeweza kumdanganya. "Isipokatika, Baba, itakuwa imefika."

Akakikunja kitambaa mara mbili, akakiweka juu ya boneti. Alikitazama muda mrefu kuliko kitambaa kinavyostahili.

"Wewe binti, nani kakufundisha kusumbua watu hivi?"

"Wewe."

Akatangulia ndani. Mlangoni alisimama, akakumbuka, akarudi hatua moja nje, akaingia tena na kuufunga polepole.

Kaka alikuwa amerudi kwenye kiti, mtoto kavalishwa nguo kavu, na kidole cha kaka tayari kinaelekea kwenye kitufe cha kukata. "Ngoja," nikamwambia, "tunapima sauti tu." Akangoja, kwa adabu, kama mtu anayemngoja fundi bomba amalize.

Baba akakaa. Akakohoa, kikohozi kilekile. Akaikunjua kola. Akaweka mikono mezani. Alikuwa anafuata hatua kwa uaminifu ambao sijawahi kuuona kwa mpimaji yeyote wa ofisini kwetu. Nikamkonyeza Mama, naye akalishika dirisha. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nilimwomba Mungu Kwangu Sawa awe ndiye mwenye haki.

"Lile gari nililiacha mimi bila breki," Baba alisema, na Mama akaburuta. "Si wewe. Naomba unisamehe, mwanangu."

Hatua zilikuwa zimekwisha hapo. Alama ilikuwa ya kijani, na kijani chake hakina maana yoyote. Lakini Baba hakunyamaza.

"Nilijua siku ileile. Nilikwenda kulitazama gari, nikaona breki iko chini, na mimi ndiye niliyelileta. Wanafunzi walikuwa wanatazama. Nikasema nitakwambia kesho. Kesho ulikuwa umeshaondoka. Miaka yote hii nawaambia watu warudie, warudie. Mimi ile asubuhi ningepewa kuirudia, nisingekunyang'anya funguo."

Kaka alikuwa hajagonga sikio. Alikuwa amekaa vile vile, kamkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka mtoto akaanza kulalamika.

"Nimekusikia, Baba," akasema.

Baba aligeuka taratibu, akaitazama kompyuta, akanitazama mimi. Nilidhani atainuka. Akavuta kiti mbele.

"Hebu mlete huyo mtoto karibu," akasema. "Hapana, umemshika vibaya, kichwa kinaning'inia. Rudia."

Kaka akamshika upya, analia na anacheka kwa pamoja, na Mama akaliburuta dirisha huku na huko kadiri alivyotaka, mimi sikumkataza.

Jumatatu niliandika ripoti. Kwangu Sawa alikuja mezani kwangu na chai yake kuisoma, kwa kuwa alikuwa hajawahi kuona mpimaji akijifungia ripoti mwenyewe. Nilikuwa nimejaza sehemu zote. Hatua: dirisha limeburutwa mtu akiwa anaongea. Mahali: sebuleni. Matokeo yaliyotarajiwa: sauti ikatike.

"Si nilikwambia?" akasema, kifua mbele. "Matokeo halisi je? Hapa hujaandika."

Nikaandika: Amesikika.