Jina Lililotoka Chini ya Taya

Nurzat alikuwa akimimina chai ya alasiri, nusu bakuli kama desturi yao inavyotaka, mate yalipoanza kumchuruzika mdomoni bila idhini yake. Jino la nyuma lilikuwa likimsumbua tangu kondoo waanze kukatwa manyoya. Alisema, ila kwa sauti ya mkazamwana, ya chini, na mavyaa wake akampa mafuta ya mkia wa kondoo abandike shavuni. Sasa chini ya taya palikuwa pagumu kama ubao, ulimi umeinuka, na kila pumzi ilipita kwa taabu.

Jirani aliwasha gari, wakafika hospitali ya mji wa Naryn jua likiwa bado juu.

Daktari Ulanbek alimbonyeza shingo. "Usaha umeshuka chini ya ulimi. Mngengoja kesho, angekosa pumzi. Mlikuwa wapi siku zote, mama?"

"Manyoya hayajikati, daktari," mavyaa alijibu, huku akimfuta Nurzat mate kwa ncha ya kitambaa chake.

Nurzat aliogopa kufa. Alitundikiwa dripu, akachomwa ganzi, jino likang'olewa, kisha daktari akapasua chini ya taya. Usaha ukatoka, na pamoja nao yakatoka majina. Tangu aolewe, Nurzat hakuwahi kutamka jina la mkubwa yeyote wa ukoo wa mumewe, maana ni mwiko. Kila lilipomfika ulimini alilimeza. Yalitoka kwa sauti yake ya usichana, ile ya kuitia farasi mlimani: la baba mkwe, la mashangazi, la mashemeji wakubwa.

"Shika bakuli vizuri," daktari alimwambia nesi. "Wakazamwana ndivyo walivyo. Wanaume hutoka usaha mtupu."

La mwisho lilikuwa Sairakan.

"Abee!" mavyaa aliitika kutoka kwenye benchi la nje, akasimama. Tangu dada yake afariki, hapakuwa na mtu wa kumwita hivyo. Kwa wote alikuwa mama, bibi au shangazi.

Daktari aliacha mpira mwembamba kwenye kidonda ili usaha uliobaki uendelee kutoka. Kila asubuhi nesi alikisafisha kwa maji ya chumvi, na kila asubuhi Sairakan lilitoka. Mavyaa alihamia ukingoni mwa kitanda na chupa yake ya supu ya kondoo. Lilipotoka aliitika, akacheka mpaka kitambaa cha kichwani kikamvuka. Wodi nzima ilichangamka. Nurzat, homa ikimshuka, alicheka pia, ingawa kidonda kilimvuta.

"Si umwambie tu akuite hivyo nyumbani?" mgonjwa wa kitanda cha pili alimchokoza mavyaa.

"Nani, mkazamwana wangu?" mavyaa alikuja juu. "Huyu ana adabu zake, bwana!"

Mpira ulitolewa, ingawa mavyaa aliomba ubakizwe kidogo.

Nyumbani, Nurzat alimimina chai, nusu bakuli, akalishika kwa mikono miwili. Kinywa chake kilifunguka chote sasa. Alikuwa hai, na raha ya kuwa hai ilimpanda kifuani kila alipovuta pumzi. Mavyaa aliinamisha sikio karibu na kovu, akasubiri. Jina likamfika Nurzat ulimini. Akalimeza.

"Chai, mama."

"Ahsante, mwanangu." Mavyaa alipiga funda moja, akamtazama kwa matumaini. "Na lile jino la upande wa pili, haliumi?"