Kibano cha Leonidasi

Fahali wa mzee Ntirampeba alikuwa na pembe ndefu mno, hata mtu akinyoosha mikono yote hafikii ncha. Hata hivyo kila mwaka wa chanjo hakukosekana kijana wa kuzishika. Mwaka wa sabini na tatu alikuwa Leonidasi. Pembe ilimchoma paja; tangu siku hiyo anachechemea, na mkewe Philomena ndiye aliyelikanda lile paja mpaka likaweza kukunjika.

Sasa ilikuwa zamu ya Nicodemus, mdogo wake Philomena, baba mmoja mama mmoja. Nicodemus alikuwa akimposa Ernesta, binti wa huyo huyo Ntirampeba, na mzee alikwishatoa kauli: binti yake haolewi na mtu anayeogopa pembe. Pale kijijini Heru Juu neno kama hilo halina mjadala. Anayelikimbia atachekwa mpaka na watoto wa kijiji cha Makere. Philomena hakuwa na raha. Alimpenda ndugu yake, na pembe zile alikwishaziona zikiwa na damu ya mumewe.

Leonidasi hakupoteza muda kulalamika. Alichukua shoka, akaenda kukata mikaratusi.

Alijenga uchochoro wa miti, safu mbili zilizosimama wima, ili ng'ombe aingie mmoja mmoja, abanwe, na bwana mifugo amchome sindano akiwa salama upande wa nje. Misumari ilikuwa haionekani madukani, kwa hiyo alifunga kwa mikanda ya ngozi mbichi, ambayo ikikauka hukaza kweli kweli. Kazi safi. Akamwingiza ng'ombe wake mwenyewe, Gaju, mbele ya wanakijiji. Pembe zikanasa pande zote mbili, Gaju akapandwa na wazimu, akang'oa nguzo na kukimbia nayo hadi kwenye mihogo ya watu. Wanaume walicheka mpaka wakakaa chini. Masikini Leonidasi alikuwa amepima tumbo, akasahau kwamba ng'ombe wa Waha ni pembe kwanza, mengine baadaye.

"Fahali wangu atashikwa na mwanaume," alisema Ntirampeba akijifuta machozi ya kicheko. "Hayo magogo kapikie maharage."

Mwingine angejifungia ndani kwa aibu. Leonidasi alikwenda kukaa kando ya shamba lao la viazi vitamu, akawaza. Philomena akatokea na mzigo wa kuni kichwani, kuni ndefu zilizolala kwa upana. Alikuwa akipita kati ya matuta mawili, miguu ikikanyaga kwenye kijia chembamba, kuni zikipita juu ya majani bila kugusa chochote.

"Rudi ulikotoka," mumewe akamwambia.

"Nimechoka, Baba Laurent."

"Rudi, halafu uje tena polepole."

Alirudi akinung'unika. Alipokuja mara ya pili alimkuta mumewe anacheka peke yake kama mtoto, na pamoja na shingo kumuuma, akaona kwamba hakukosea kuolewa na mtu huyu.

Leonidasi alibomoa yote, akaanza upya. Nguzo akaziinamisha kwa nje, chini kwembamba, juu kupana, kama matuta yale. Mbele akaweka mti unaosogezwa kubana shingo nyuma ya pembe, na nyuma gogo la kumzuia ng'ombe asirudi kinyumenyume.

Siku ya chanjo ya ugonjwa wa sotoka, Bwana Khatibu, mtu wa Tanga aliyeletwa Kasulu na kazi ya mifugo, alichoma ng'ombe mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyeumia. Wakamleta fahali. Ntirampeba akamwita Nicodemus, na Nicodemus akavua shati.

Leonidasi akachechemea hadi kwa mzee, akainama kwa heshima.

"Mzee, huyu hasikii sauti nyingine ila yako. Simama pale mbele umwimbie sifa zake. Akikataa kuja, muramu wangu Nicodemus atamshika pembe."

Muha mwenye ng'ombe hakatai kuombwa amsifu hadharani. Mzee akasimama mbele ya uchochoro, akakohoa, akaanza. Fahali akainua masikio, akaifuata sauti, pembe zikipita juu ya nguzo kama kuni za Philomena. Leonidasi akasukuma mti. Fahali akajitupa huku na huku, mikaratusi ikalia, ngozi ikashika. Khatibu alimaliza kuchoma kabla mzee hajafika kwenye sifa za mama yake fahali.

"Mmeona?" Ntirampeba akawageukia watu. "Wangu huingia kwa kuitwa tu. Hahitaji kushikwa na mtu. Nicodemus, vaa shati, Jumapili uje nyumbani tuzungumze."

Watu wakamshangilia mzee. Philomena alichukia. Alitaka kusema pale pale ni nani aliyetoka malengelenge kwa ajili ya miti ile, lakini mumewe akamshika mkono.

"Mwache achukue sifa," akanong'ona, akimtazama Nicodemus anayefunga vifungo. "Mimi nilichokitaka ni kile pale, kinatembea kwa miguu yote miwili."