Kadi ya Kumi na Nne

Mwaka jana kanisa letu lilimuua mama yangu kwa kipande cha karatasi, na mwaka huu lilitaka kumchukua na mdogo wangu. Nasema hivi nikijua watasema nimekufuru. Waseme. Wamenisema tangu mwezi wa sita nilipoacha kuja ibadani, wakanipa na jina, Mama Hasira, nami nimelivaa kama gauni nililojishonea mwenyewe.

Kwanza nieleze habari ya kikapu. Katika usharika wetu, ibada ya tarehe moja Januari ina jambo lake. Baada ya matangazo, kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe kinapitishwa benchi kwa benchi, na kila mtu anachomoa kadi moja yenye mstari wa Maandiko. Hilo ndilo neno lako la mwaka. Unalibandika ndani ya mlango wa kabati, na mwaka mzima kila kinachokupata unakipima kwalo. Kadi zote huandikwa kwa mkono na Mwalimu, katibu wa usharika, mzee aliyestaafu shule lakini hakustaafu ualimu. Na inafahamika kwamba mle kikapuni huwekwa ahadi tu, za ulinzi, za afya, za amani. Hakuna anayetaka kuanza mwaka kwa kukaripiwa.

Mama aliimba sauti ya pili kwaya kuu miaka arobaini, hata watu wakamwita Alto. Mwaka jana alichomoa kadi ya yule nabii aliyemwendea mfalme mgonjwa, akamwambia aweke nyumba yake sawa kwa sababu hatapona. Wakati huo Mama alikuwa na uvimbe shingoni, mkubwa kama ngumi, uliomlazimisha kulala ameketi. Daktari alishampangia upasuaji mwezi wa pili. Aliisoma kadi palepale kwenye benchi, akaikunja, akaitia kwenye pochi, kisha akaimba wimbo wa kufungia hadi ubeti wa mwisho. Kesho yake alipiga simu hospitali mwenyewe, akafuta upasuaji.

Niligombana naye wiki nzima. Nilimkumbusha kwamba mfalme yule aliomba, akaongezewa miaka, akawekewa dawa ya tini kwenye jipu lake, akapona. Kila mtoto aliyepita Shule ya Jumapili anaijua habari hiyo.

"Naijua," Mama alisema. "Lakini mimi si mfalme."

Nyuma ya kadi kulikuwa na namba kumi na nne, imeandikwa kwa penseli. Mama akaamua kuwa hayo ni majuma aliyobakiziwa. Akagawa nguo zake, akanionyesha alikoficha hati ya kiwanja, akaniagiza nimshonee gauni jeupe la kuzikiwa. Nilikataa. Akalipeleka kwa fundi mwingine, tena fundi asiyejua kukunja pindo. Majuma kumi na nne yalipopita yu hai, nilidhani sasa ataona upuuzi wa jambo lile. Akasema Mungu amemwongezea siku za kuagana. Alikufa juma la ishirini na tatu, ameketi kwenye kiti chake, anatafuta pumzi asiipate. Mazishini mchungaji alimsifu kwa utii wake, nami nikauma meno hadi taya likaniuma.

Sasa mdogo wangu wa kike. Yeye ni fundi simu, mtu wa bisibisi na kioo cha kukuzia, na ungemtegemea awe na akili ya kushuku. Mwezi wa nane shingo yake ikaanza kuvimba palepale ilipovimba ya Mama. Hospitali wakampa tarehe, kumi na tisa Januari. Siku mbili kabla ya mwaka kwisha alikuja kwenye cherehani yangu, amefunga kola hadi juu.

"Dada, nitasubiri neno la mwaka kwanza," akasema.

Nilikuwa nakata mkono wa blauzi ya mteja. Niliukata upogo, ikabidi ninunue kitambaa kingine.

Ndiyo maana asubuhi ya tarehe moja nilifika kanisani kabla ya kengele ya kwanza. Nilimkuta Mwalimu kwenye kile chumba kidogo nyuma ya madhabahu, mahali mchungaji anapovalia kanzu yake. Mezani kulikuwa na kikapu, chupa ya chai na boksi la viatu. Alikuwa anatoa kadi kwenye boksi, anazisoma, nyingine anazitia kikapuni, nyingine anazirudisha. Mwandiko ule ule, karatasi ile ile. Na nyuma ya kila kadi ya boksini, namba kwa penseli.

"Shikamoo, Mwalimu. Hizo ni za nini?"

"Marahaba, mwanangu. Umerudi kundini, Bwana asifiwe." Hakuinua kichwa. "Hizi ni za mashindano ya vijana. Nani alisema, alimwambia nani. Za kikapu hazikutosha, watu wa mwaka mpya ni wengi mno. Nachaguachagua zenye maneno mazuri."

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana zilipungua vilevile. Ila sikupata nafasi ya kuchagua, kengele ilishagongwa."

Nilifungua mkoba, nikatoa kadi ya Mama, nikaiweka mbele ya kikombe chake. Aliisoma. Akaigeuza, akaiona namba. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba kosa lilikuwa la miwani.

"Hili ni swali la kumi na nne," alisema taratibu. "La kumi na tano ndilo mfalme anapopona."

"Liko wapi?"

Alipekua boksi kwa vidole vyake virefu, akanipa. Lilikuwepo. Mwaka mzima lilikuwa limekaa ndani ya boksi la viatu, wakati Mama analala ameketi. Miezi yote ile nilikuwa nimemkasirikia Mungu, na usiku mwingine nikamsingizia shetani, kumbe mama yangu aliuawa na chemsha bongo ya vijana.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyetuchapa darasa la kipaimara," nikamwambia. "Tulifumba macho tukachomeka kidole kwenye Maandiko kutafuta majibu ya mtihani. Ukasema hiyo ni ramli."

"Ndiyo, ni ramli."

"Na hiki ni nini?"

"Hiki ni kikapu," alijibu, na alimaanisha kabisa.

Nilimtaka asimame wakati wa matangazo aseme kilichotokea, mdogo wangu asikie kwa masikio yake. Akatikisa kichwa. Watu mia tatu wana kadi zao majumbani, akasema, wengine wamezikwa nazo. Akilisema jambo hili amewavunja wote. Kisha akasogea karibu, akapunguza sauti.

"Mdogo wako tutamfanyia mpango. Naandika kadi sasa hivi, ya kumtuma kwa tabibu waziwazi. Naiweka juu. Nikifika benchi lenu nakiinamisha kikapu upande wake. Atakwenda hospitali, na hakuna atakayeumia."

Sitajifanya mtakatifu. Nilitamani. Nilimwona mdogo wangu amelala kitanda cha hospitali, bandeji shingoni, mzima. Halafu nikamwona mwaka ujao na mwaka mwingine, kila ugonjwa, kila safari, amekaa ananyoosha mkono kwenye kikapu cha mzee huyu. Leo ameinamisha kwa wema. Kesho kengele itamwahi tena.

"Mpango wako kaa nao," nikasema. "Utasema kwenye matangazo, au nitasema mimi."

Nilichukua kadi zote mbili, nikaenda kukaa na mdogo wangu, benchi la sita kutoka mbele. Ibada ikaenda. Mwalimu akasimama na daftari lake kusoma matangazo. Waliobatizwa mwaka uliopita, thelathini na mmoja. Waliopata kipaimara, arobaini na wanne. Waliolala katika Bwana, kumi na tisa, akakohoa, tuliowapenda. Nikasubiri. Akatangaza kwamba mazoezi ya kwaya yamesogezwa hadi Alhamisi. Akatangaza kwamba kuna mwavuli mweusi umesahaulika tangu Krismasi, mwenyewe auchukue kwa mtunza kanisa. Akafunga daftari. Mwavuli ulipata nafasi, mama yangu hakupata.

Kikapu kikaanza kupita. Niliziweka kadi mbili kwenye mapaja ya mdogo wangu, nikaanza kumweleza kwa kunong'ona. Lakini mimi si mtu wa kunong'ona, na hasira ilishanipanda. Nilipofika kwenye habari ya boksi la viatu, watu wa benchi la mbele yetu walikuwa wamegeuka. Nilipofika kwenye chemsha bongo, mpiga kinanda aliacha kupiga. Niliyamaliza yote, hadi mpango wa kuinamisha kikapu, kanisa zima likinisikiliza, na mchungaji akitazama sakafu ya madhabahu. Hakuna aliyeninyamazisha. Baadaye walisema walinionea huruma, lakini najua walikuwa wanazikumbuka kadi zao.

Mdogo wangu alisoma ya kumi na nne, akaigeuza. Akasoma ya kumi na tano, akaigeuza. Alizishika pamoja, kama anavyoshika vipande viwili vya simu kuona vinaingiana wapi.

"Mama alipewa nusu," akasema.

Mwalimu akafika kwenye benchi letu. Pamoja na yote niliyosema, pamoja na macho yote yale, alikiinamisha kikapu upande wa mdogo wangu. Kadi moja ilikuwa juu ya nyingine zote, wino wake bado unang'aa. Mdogo wangu aliitazama. Akapitisha mkono chini yake hadi kitako cha kikapu, akachomoa kadi nyingine, akaitia mkobani bila kuisoma, akafunga zipu.

"Hutaisoma, binti?" Mwalimu aliuliza.

"Nitaisoma nikizinduka," alisema. "Tarehe kumi na tisa."

Baada ya ibada huwa tunapanga mstari mlangoni, kila mtu anampa mkono mwenzake na kumtakia heri. Mdogo wangu alitangulia, kola yake wazi, uvimbe wake mbele ya watu wote. Nilipomfikia Mwalimu alinyoosha mkono. Nilimwekea kadi ya kumi na nne kiganjani, nikamkunja vidole kimoja kimoja juu yake.

"Heri ya mwaka mpya, Mwalimu."

Aliyenifuata kwenye mstari alinyoosha mkono wake, akangoja, lakini Mwalimu hakuwa na mkono wa kumpa.