Hadena na Kobalti

Nyangi alitoka Butiama kujifunza kutengeneza boti za faiba kwa Mama Susana, hapa Musoma, na mwezi wa nne sasa alikuwa hajachoka kuitazama hadena, dawa ya kugandisha. Kwa macho ni maji tu. Lakini vifuniko viwili vya soda vikiingia kwenye lita ya resini, ile gundi iliyokuwa ikichuruzika kama asali inapata joto yenyewe, bila moto, na kugeuka boti. Mama Susana hakupima kwa mashine. Alilitazama jua, akagusa ukuta, akajua: asubuhi ya baridi vitatu, mchana viwili.

Kobalti, ile dawa ya zambarau ya kuharakisha kuganda, ilitangulia kuingia kwenye resini ikakorogwa mpaka ipotee. Ndipo ikaja hadena.

"Hao wawili ni mkwe na mama mkwe," Mama Susana alisema. "Wasikutane bila mtu katikati. Wakikutana wenyewe, panalipuka."

Siku moja Mama Susana alikuwa getini na Alfonce, mteja wa Bunda. Machage, mwanaume mzima aliyetoka machimboni Buhemba kuanza kazi wiki ile, akachukua kopo la kobalti mkono huu na chupa ya hadena mkono ule.

"Wewe bubu, lete mwiko," alimtania Nyangi, ambaye hakuwa msemaji. "Kule kwetu dawa tulichanganyaga kwanza, tunaokoa muda."

Nyangi alitaka kusema. Mwanaume wa umri wa baba yake, amkataze vipi? Chupa ikainama juu ya kopo.

Akairukia kwa mikono miwili. Hadena ikamrukia usoni.

"Mama!"

Mama Susana alifika mbio, akaliona kopo, akaiona chupa, hakuuliza. Alimburuta Nyangi hadi bombani, akamfungulia maji jichoni.

"Fumbua! Lia, lakini usifumbe. Machage, mwaga maji mengi hapo sakafuni, na usifutie maranda ya mbao, yatawaka!"

Alimshikilia hapo robo saa nzima, ndipo akampeleka hospitali. Jicho lilisalimika.

Siku Nyangi aliporudi kazini, jicho bado jekundu, Machage alikuwa amesimama mbele ya ndoo ya resini, mikono nyuma.

"Dada Nyangi, naanza na ipi?"

"Kobalti," alisema, kwa sauti iliyofika getini. "Na hiyo chupa ipeleke kivulini kwanza. Umeiacha juani."

Machage akaenda.