Sura ya Kalekye

Nesi wa hospitali ile ya Kajiado alirudia swali. "Mama, umekuja na nani? Tukikupa dawa ya usingizi, lazima kuwe na mtu wa kukurudisha Kitengela."

Wayua hakuwa na mtu. Mtu wake alikuwa Kalekye, pacha wake wa kufanana, aliyezikwa mwaka jana wakiwa na miaka hamsini na mbili. Saratani ya utumbo mpana ilimla kimya kimya mpaka ikafika kwenye ini. Sasa Wayua naye alikuwa amepimwa choo, kikapatikana na damu, na leo angeingizwa kamera kuangaliwa utumbo.

Akampigia Mutinda, mume wa marehemu. Tangu mazishi Mutinda hakuwa amekanyaga kwa Wayua. Alikuja kutoka Tuala, akaketi benchi ya mwisho, macho sakafuni.

Wayua alipozinduka, Daktari Nalianya alikuwa kando ya kitanda.

"Tumepata kinyama kimoja kilichoota ndani ya utumbo, tumekitoa. Naona ni mapema, lakini maabara ndiyo itasema."

"Hawa si walizaliwa na jeni moja?" Mutinda aliuliza akiwa mlangoni. "Mbona yule wangu akaenda?"

"Jeni ni zile zile," daktari akamjibu. "Lakini mwili hubandika alama ndogo za kemikali juu ya jeni, na miaka ikipita kila mtu anakuwa na zake. Wakati mwingine zinanyamazisha jeni inayozuia seli kuzaana ovyo. Haijaharibika, imefungwa tu. Vinyama vingine huanzia hapo, miaka mingi kabla ya saratani. Kwa nini mmoja aende haraka kuliko mwenzake, kusema kweli hatujui."

Mutinda alimfikisha Wayua hadi getini kwake.

"Ingia basi unywe chai."

"Siku nyingine."

"Nimekukosea?"

"Hapana, shemeji. Ni hiyo sura yako. Siwezi."

Baada ya wiki mbili hospitali ilipiga simu: hakuna saratani, arudi kuangaliwa baada ya miaka mitatu. Wayua alisimama dukani kwake, kati ya cherehani na sweta za shule, akiwaza wa kumwambia. Akampigia Mutinda.

"Majibu ni mazuri. Hakuna saratani."

Akasikia pumzi ya Mutinda ikikatika.

"Mungu ni mwema," Mutinda akasema. "Shemeji, usikate. Ongea tu. Kitu chochote."

Wayua akamweleza juu ya mvua iliyokataa kunyesha, zipu zilizoisha dukani, kuku wa jirani. Sauti yake ilikuwa ile ile ya Kalekye; alijua si yeye anayesikilizwa. Hata hivyo aliendelea kuongea.