Kiti cha Mjomba

Aa, hapana mjukuu wangu, kwenye picha hiyo hakuna aliyelewa. Hivyo vikombe vina chai. Mama yako anakusimulia nusunusu, sikiliza mimi.

Ilikuwa harusi ya Bigiok, binti wa dada yangu. Turubai barabarani mbele ya nyumba, meza thelathini, wapishi wa kukodi wako motoni tangu alfajiri. Sasa, kwetu Taiwan mjomba wa bibi harusi asipokaa kiti cha mbele, hakuna anayegusa vijiti vya kulia. Kiti kile kilikuwa cha kaka yangu Kintiong. Yeye keshakufa, kikanibakia mimi.

Nafika, namkuta Hokseng, baba wa bwana harusi, kamjazia binti yetu kikombe cha pombe ya mtama, ile ukiisogezea kiberiti inawaka. Eti azunguke nayo meza zote. Kaonja tu, uso mwekundu mpaka masikioni.

"Wekundu ni damu nzuri," Hokseng anasema. "Anywe, atazoea."

Ndivyo walivyomwambia Kintiong miaka arobaini. Na kweli alizoea. Mwisho koo likaziba, hata uji haupiti. Daktari akanieleza, mimi na madarasa yangu manne: mwilini mna jeni, kama maelekezo anayofuata fundi. Hiyo moja, wanaiita ALDH2, ndiyo ya kusafisha sumu inayotokana na pombe. Ya kwetu ina kasoro, sisi na karibu nusu ya watu wa Taiwan. Sumu inabaki, uso unawaka. Ukizidi kulazimisha, saratani ya koo inakuvizia. Yaani uso unakwambia acha, na watu wanakupigia makofi.

"Mjomba, karibu kiti," wakaniambia.

"Sikai. Binti akipewa chai, nitakaa."

"Samaki anapoa, mjomba."

"Apoe. Nimesimama kwenye mpunga miaka hamsini, miguu hii imezoea."

Hokseng akanisogelea. "Unaniaibisha mbele ya watu, mkwe."

"Ndiyo, nakuaibisha. Kwa Kintiong nilinyamaza ili mtu asiaibike. Nikamzika."

Watu mia tatu wamekodoa macho, vijiti viko mezani. Mpishi mkuu akatoka jikoni, mwiko mkononi. "Wazee wangu, kamba wanakuwa mpira huko."

"Kamba mmoja keshaiva, mwekundu kabisa," nikamwambia. "Mtazame Hokseng usoni."

Wakacheka, hata mkewe. Hokseng akajishika shavu. Lilikuwa la moto, nadhani, maana alikuwa keshapiga vikombe vitatu. Akauliza polepole, "Hata mimi?"

"Nenda ukamuulize daktari. Mimi najua ya Kintiong tu."

Bigiok hakungoja ruhusa ya mtu. Akaimwaga ile pombe chini, palepale miguuni pangu, akaenda mwenyewe kuleta birika. Akanimiminia, akamimina chake. Hokseng akatazama pembeni, halafu akanyoosha kikombe chake. Hapo ndipo mpiga picha alipotupiga.

Nikavuta kiti cha Kintiong, nikakaa. Na meza zote thelathini zikashika vijiti, tukala.