Kitabu Kilichosomwa Mchana

Dada yangu, Mwatum binti Ngwali, aliandika hadithi za watoto, na zote zilitoka kijijini kwetu Kiuyu: pango la pwani, njia ya mikarafuuni, popo na ukoo wake. Mama ndiye aliyetusimulia. Mwaka 1959 kitabu cha kwanza cha Mwatum kilipigwa chapa Unguja, na mwalimu wa skuli ya kwetu akamwomba aje awasomee watoto.

Akawasomea asubuhi, jua limeshapanda.

Kwetu hadithi husimuliwa jua likishatua. Anayesimulia mchana hufiwa na mama. Mwatum alilijua hilo kama sote, ila alidhani kitabu ni kitu kingine. Aliporudi adhuhuri alimkuta mama kitandani, anatetemeka kwa homa.

Jirani yetu, Bi Mwanakhamis, akaja mpaka ukumbini.

"We Mwatum, hukufundwa? Jua lote hili, hadithi!"

"Nimesoma tu, Bi Mwanakhamis. Sikusimulia."

"Lo! Na mauti nayo yatauliza umesoma au umesimulia?"

Mwatum akaingia ndani. Nilimwona anakificha kitabu chini ya mkeka.

Kesho yake homa ilizidi. Mama akataka asomewe ile ya popo.

"Usiku, mama," Mwatum alisema.

"Usiku mbali, mwanangu. Soma."

Nikafunga madirisha yote, nikawasha kibatari. Mama akacheka mpaka kikohozi kikamkata.

"Soud, unamdanganya nani? Fungua, n'nakufa kwa joto!"

Nikafungua. Jua likaangukia shuka lake. Mwatum akasoma, na kila akifunua ukurasa alinyanyua macho kutazama kama kifua cha mama kinapanda. Nilitaka anyamaze. Nilitaka pia amalize upesi.

"Umeruka," mama alisema. "Popo aliomba maji kwanza."

Mwatum akarudi nyuma, akamwombea popo maji.

Mama alikata roho kabla ya adhana ya alasiri, hadithi imebaki kidogo.

Bi Mwanakhamis alikuja kumwosha. Mwanawe alikuwa mmoja wa watoto waliosomewa. Hakumrudisha tena skuli.

Mwatum aliandika vitabu vingine, mpaka naye tukamzika. Hakusoma tena mchana kwa sauti. Mimi nimesoma hadi darasa la kumi, na najua homa ni homa. Lakini nikipita skuli nikasikia mtoto anasoma kitabu cha Mwatum jua limewaka, hukaza mwendo, nikimwombea mama yake.